Umepewa kazi ya huduma kwenye kikundi cha AA, unaanzia wapi? Mwongozo kamili

Umechaguliwa katibu, au mweka hazina, au wamekwambia tu "wewe utatuwakilisha", watu wakapiga makofi, kikao kikaisha, na sasa uko nyumbani unajiuliza hii kazi inafanywaje. Mwongozo huu ni wako. Naongelea Alcoholics Anonymous, undugu wa walevi wanaosaidiana kukaa bila kunywa, ambao wote tunauita AA, ila mengi humu yanafaa hata kwa ndugu zetu wa NA (Narcotics Anonymous, wa dawa za kulevya) maana nao wanafuata Hatua Kumi na Mbili, yaani mpango wetu wa kupona. Na nawaandikia hasa wenye vikundi vidogo, watu sita, saba, nane hivi, kama vingi vya huku kwetu Dar, Arusha au Nairobi, ambako mtu mmoja anashika kazi tatu na hakuna wa karibu wa kumuuliza.

Kabla ya yote shika hili: huduma ipo ili mtu aliyekunywa jana, anayetetemeka, aliyejikaza wiki nzima mpaka akapata ujasiri wa kuja, akifika saa mliyotangaza akute mlango uko wazi na mtu wa kumkaribisha. Basi. Hela, kura, simu, daftari, vyote vinamhudumia huyo. Mkiona kikao kinabishana nusu saa nzima juu ya kitu ambacho hakimgusi kabisa, wekeni pembeni mwendelee na mengine.

1. Jua kwanza nani yuko juu ya nani

Watu wengi wakipewa cheo AA wanadhani wamekuwa viongozi kama wa chama au wa kanisa. Hapana. Kwetu kikundi ndio kiko juu, na wanaofanya kazi wako chini yake wakitumwa. Kikundi kinamchagua mwakilishi wa huduma, wale wawakilishi wanakutana kwenye wilaya, wilaya zinaunda eneo, eneo linatuma mjumbe kwenye Mkutano Mkuu wa Huduma wa nchi, na chini kabisa kwenye huo mchoro ndio ipo bodi ya wadhamini. Ya Marekani na Kanada ina wadhamini 21, 14 ni walevi waliopona kama sisi na 7 si walevi kabisa, wamewekwa kwa makusudi ili wawepo watu wa kushika mambo na kusimama hadharani kwa majina yao kamili, kitu ambacho sisi hatukifanyi.

Huo mpango haukuja siku moja. AA ilianza Akron, Ohio, Juni 1935, Bill W. na Dk. Bob, watu wawili tu wanaongea ili wasinywe. Miaka mingi walioshika ofisi New York walikuwa Bill na marafiki zake, kila kikundi chenye tatizo kinaandika barua kwa Bill. Alafu Dk. Bob akaugua, Mila Kumi na Mbili, yaani kanuni za kuongoza vikundi, zikapitishwa Cleveland mwaka 1950, Novemba ya mwaka huohuo Dk. Bob akafariki, na ikabidi watu wajiulize Bill naye akiondoka itakuwaje. Mkutano Mkuu wa kwanza ukafanyika 1951 kama majaribio, na 1955 kule St. Louis Bill akakabidhi rasmi mambo yote kwa vikundi. Yaani mwanzilishi mwenyewe aliachia kiti akiwa hai na ana nguvu. Ukijikuta unasema "bila mimi hiki kikundi kitakufa", kumbuka St. Louis.

Na kuna ya kuogopesha pia. Mwaka 1840 kule Baltimore walevi walianzisha undugu wao, Washingtonians, wakasaidiana, wakakua kwa kasi sana, maelfu kwa maelfu. Alafu wakaanza kuingia kwenye siasa za kupiga marufuku pombe, wakapanda majukwaani, wakagombana wao kwa wao, ndani ya miaka michache kwisha habari. Ndio maana AA haina maoni juu ya jambo lolote la nje. Redio ikikuuliza unaonaje serikali ya Tanzania ilivyopiga marufuku viroba (pombe kali za pakiti) 2017, jibu ni kwamba AA haina msimamo kwa hilo, sisi tunaongelea jinsi ya kukaa bila kunywa leo. Wewe binafsi unaweza kuwa na maoni mazito, ila siku hiyo unaongea kama mtu wa AA unayaacha nyumbani.

2. Gawa kazi, hata kama mko watano

Kikundi kidogo kinahitaji katibu, mweka hazina, mtu wa chai na viti, mtu wa vitabu, na mwakilishi wa huduma. Mwenyekiti wa mkutano wenyewe abadilike kila wiki au kila mwezi, asiwe mmoja mwaka mzima, maana watu wataanza kuuita mkutano wake.

Kazi ya chai mpe mgeni mapema. Nasema hivi kwa sababu nimeona mara nyingi mtu wa wiki mbili ambaye hawezi kusema hata jina lake mbele ya watu, akipewa chupa ya chai na vikombe anakuja nusu saa kabla, maana bila yeye hakuna chai. Anapanga viti, anasalimia watu mlangoni, na hiyo nusu saa ya kabla ya mkutano ndio inayomshika kuliko hata mkutano wenyewe. Kazi za hela na uwakilishi zisubiri mtu atulie. Kwa mwakilishi wa huduma pendekezo la kawaida ni awe na kama miaka miwili hivi bila kunywa na atumike miaka miwili. Kazi nyingine miezi sita au mwaka zinatosha. Andikeni tarehe ya kuanza na ya kumaliza siku ileile mnayomchagua, maana isipoandikwa hakuna atakayepata ujasiri wa kumwambia mzee wa watu muda wake umeisha.

Mtafutie pia kila mwenye kazi mpya mtu wa kumshika mkono, aliyewahi kuifanya. Sponsa wako, yule mkongwe anayekuongoza kwenye Hatua, anaweza asijue chochote kuhusu huduma, si vibaya ukawa na wawili.

3. Kikao cha dhamiri ya kikundi

Hapa ndipo maamuzi yanafanyika na hapa ndipo vikundi vinavunjikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kikao kiwe tofauti na mkutano wa kawaida, msimwekee mgeni aliyekuja na maumivu yake ubishani wa kodi ya ukumbi. Mara moja kwa mwezi baada ya mkutano inatosha. Katibu atangaze wiki moja kabla na ajenda ijulikane, siyo mtu anaingia na hoja mfukoni wakati nusu ya watu wameshaondoka. Kila anayejiona ni mwanachama wa kikundi hicho ana kura moja, aliyekaa miaka ishirini na aliyekaa miezi miwili sawasawa.

Kila mtu aongee mara moja kabla ya yeyote kuongea mara ya pili. Ni kakanuni kadogo lakini kanaokoa sana, hasa kwetu ambako mkubwa akishasema vijana wananyamaza kwa heshima, na dada zetu wananyamaza zaidi. Mwenyekiti aanze na wa mwisho kujiunga, wakongwe wamalizie.

Mkipiga kura msitafute wingi wa kura moja. Tafuteni theluthi mbili au zaidi, yaani makubaliano ya kweli. Na baada ya kura, walioshindwa wapewe nafasi ya kusema kwa nini walikataa, alafu muulize kama kuna aliyeshinda anataka kubadilisha. Akiwepo hata mmoja mnarudia kura. Hiyo haki ya wachache kusikilizwa iko kwenye Dhana Kumi na Mbili za huduma ambazo Bill aliandika na zikapitishwa 1962. Haipotezi muda, inazuia wale wachache wasiende kulalamika nje kwenye parking.

Kwenye kuchagua mjumbe wa eneo kuna utaratibu wa Urithi wa Tatu (ndivyo AA inavyoiita huduma): kura zinarudiwa mpaka mtu apate theluthi mbili, ikishindikana baada ya raundi kadhaa majina ya waliobaki juu yanaingia kwenye kofia na linachomolewa moja. Watu wageni wanashangaa, uchaguzi kwa kofia! Ila fikiria, hakuna kambi iliyoshinda, hakuna iliyoshindwa, na hakuna anayeweza kununua kofia.

Na dhamiri ya kikundi, yaani uamuzi wa pamoja wa wanachama, inamfunga kila mtu. Siku za mwanzo kabisa New York, Bill alikuwa hana hela hata kidogo, mkewe Lois anafanya kazi dukani ndio wanakula, nyumba yao ya Clinton Street Brooklyn imejaa walevi wanaolala bure. Mwenye hospitali ya Towns, aliyolazwa Bill, akampa kazi ya mshahara pale, asaidie walevi kwa malipo. Bill akarudi nyumbani na furaha akawaambia wenzake. Wakakataa. Wakamwambia hii kitu ikigeuka ajira itaharibika, kilicho kizuri kwako kinaweza kutuua sisi. Akaikataa ile kazi. Mtu mwenye njaa.

4. Hela

AA haina ada. Kapu linapita, mwenye nacho anaweka, asiye nacho analipitisha, na mgeni mwambieni kabisa asiweke siku ya kwanza. Hela inatoka kwa wanachama peke yao. Diwani akija na bahasha, mshukuruni na mrudishieni. NGO hivyohivyo, kampuni hivyohivyo. Mwaka 1938 ombi la Bill na wenzake la dola 50,000 lilifika kwa tajiri John D. Rockefeller Jr., akawawekea dola 5,000 tu kwenye hazina ya kanisa la Riverside, na wasiwasi wake ulikuwa kwamba hela itaharibu hiki kitu. Waliumia wakati ule. Baadaye ndio wakaona alikuwa sahihi, wakaifanya kanuni ya kujitegemea kuwa Mila ya Saba.

Padri au mchungaji akiwapa ukumbi bure, lipeni chochote kila mwezi, hata kidogo, na ombeni risiti. Mkilipa ni wapangaji na AA inabaki AA, msipolipa mtajikuta mnaitwa huduma ya parokia.

Kuhesabu: watu wawili, palepale, kabla hamjatoka. Kiasi kinasomwa kwa sauti na kuandikwa daftarini, wote wawili wanasaini kwa herufi za mwanzo. Hela ikishahesabiwa, kodi ya ukumbi inatoka kwanza, alafu chai, alafu vitabu na vijitabu, alafu akiba ya kuweza kuendesha kikundi mwezi mmoja mpaka mitatu kama kapu litakauka. Kinachozidi hapo kinaenda mbele kwa wilaya au ofisi ya huduma ya nchi, msikilundike. Hela nyingi kwenye kikundi cha walevi ni ugomvi unaosubiri siku, naamini hivyo kabisa.

Siku hizi watu wanatuma kwa simu. Ni sawa, lakini iwe laini ya kikundi, siyo laini binafsi ya mweka hazina iliyochanganyika na hela ya mboga na ada ya shule. Laini italazimika kusajiliwa kwa jina la mtu, kwa hiyo andikeni daftarini ni nani na wawepo wawili wanaoona salio. Na jambo ambalo watu wanasahau: mkituma, jina la mtumaji linatokea kwenye meseji. Mweka hazina hatakiwi kuweka screenshot ya michango kwenye grupu, hata kwa nia njema ya uwazi. Anasoma jumla tu.

Mweka hazina akirudia kunywa je? Inatokea. Waende watu wawili, siyo kundi zima, wamjulie hali kwanza, alafu wachukue laini na daftari kwa upole. Kama kuna pengo, mtaongea akiwa na akili zake, siyo siku hiyo. Hamfukuzi mtu. Sharti pekee la kuwa mwanachama ni hamu ya kuacha kunywa, na huyo bado anayo, labda kuliko nyie wote wiki hiyo. Anarudi kukaa kwenye kiti, ila hela anashika mwingine.

5. Simu ya usiku na kumtembelea mtu

Kama kikundi kina namba ya msaada, panga zamu na usimwachie mtu mmoja. Anayepokea aongee kidogo, asikilize sana, aseme uzoefu wake mwenyewe. Mke akipiga kuomba "njooni mumchukue mume wangu", jibu ni la upole lakini wazi: tunaongea na yeye mwenyewe akitaka, na mke tunamwelekeza Al-Anon (undugu wa familia za walevi) kama ipo au kwa mtu wa familia aliyepita huko.

Kwenda kumwona mtu ni wawili wawili siku zote, wanaume kwa mwanaume na wanawake kwa mwanamke. Asiende mtu peke yake hata kama ni jirani.

Sasa hili lisome mara mbili. Mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kufa. Kutetemeka na jasho wengi tunakujua, ila akianza kuona vitu ambavyo havipo, kuchanganyikiwa, homa, au akipata degedege, hiyo ni hospitali sasa hivi. Degedege linaweza kuja hata siku ya kwanza, na kuchanganyikiwa na homa mara nyingi vinakuja siku ya pili au ya tatu wakati familia inadhani ameshavuka. Msimfungie chumbani avumilie, msimwambie maombi yatatosha. Vilevile aliyekunywa gongo alafu anasema haoni vizuri, hiyo inaweza kuwa sumu ya methanol, msisubiri asubuhi. Na kamwe, mtu wa AA hamwambii mtu mwingine aache dawa alizoandikiwa na daktari, iwe za kifafa, za msongo, za chochote. Sisi si madaktari.

Akija mkutanoni amelewa, akae kama hasumbui. Akisumbua, wawili wanatoka naye nje na kikombe cha chai, mkutano unaendelea.

6. Usalama wa wageni

Kuna watu wanaowawinda wageni, hasa wasichana, wakati hawajasimama sawa. Kila mkongwe anajua na wengi wananyamaza. Katibu usinyamaze. Mgeni wa kike apewe namba za wanawake siku ya kwanza. Mwanaume anayerudia tabia hiyo anaitwa na watu wawili anaambiwa wazi, asiposikia kikundi kinaweza kumwambia asije kwenye mkutano huo. Likiwa ni kosa la jinai ni polisi, Mila ya kutojulikana haimfichi mhalifu. Mikopo pia, kukopeshana hela na wageni kumefukuza watu wengi kuliko pombe.

7. WhatsApp, Zoom na redio

Grupu la WhatsApp linaonyesha namba na mara nyingi jina na picha ya kila mtu kwa kila mtu, kwa hiyo mgeni aulizwe kabla ya kuingizwa. Msiliite "AA Kinondoni", maana simu ikilala mezani ofisini ujumbe unaonekana. Liiteni hata "Jumanne saa 12 jioni". Kwa matangazo tu tumieni orodha ya kutuma, siyo grupu, kila mtu anapata kivyake na hakuna anayeona namba za wengine, ila lazima wawe wamehifadhi namba yenu. Picha za mkutano hapana, hata za keki ya mtu anayetimiza mwaka.

Zoom iwe na chumba cha kusubiri na mtu mmoja kazi yake kufungua na kufunga tu. Wasio na bando waruhusiwe kuzima video.

Redioni au kwenye gazeti jina la kwanza tu, bila sura, na useme ni uzoefu wako, siyo tamko la AA. Hospitali na magereza ni vilevile hamwendi kwa kushtukiza: barua kwa mkuu wa mahali, mnafuata masharti yao yote, na hamuahidi kazi, dhamana, wala nauli.

8. Jiunganisheni na wenzenu

Kikundi kisijifungie. Mwakilishi ahudhurie vikao vya wilaya au vya nchi, na arudi na ripoti ya dakika tano, siyo hotuba. Andikisheni kikundi kwenye ofisi ya huduma ya nchi yenu, na kama haipo, ofisi kuu ya New York inapokea. Tangu 1969 kuna Mkutano wa Huduma wa Dunia, unafanyika kila baada ya miaka miwili, ambako wajumbe wa nchi mbalimbali wanakaa pamoja, na nchi zenye mpango mkubwa zinazisaidia zinazoanza.

Moja kuhusu tafsiri, maana najua hamu ipo ya kupata vitabu kwa Kiswahili. Msitafsiri alafu mkachapa stationery ya mtaani. Haki ziko kwa A.A. World Services, mnaandika kuomba ruhusa, wanakagua tafsiri, na kuna utaratibu wake. Unachukua muda, lakini neno moja lililokosewa kwenye Hatua litasomwa na watu kwa miaka.

9. Kukabidhi

Muda wako ukiisha, ondoka. Mwezi wa mwisho mrithi wako akae karibu yako aone unavyofanya. Siku ya kukabidhi, mbele ya watu wawili, toa funguo, laini na namba ya siri, daftari la hela, orodha ya vitabu vilivyobaki, namba ya mwenye ukumbi, na karatasi ya mambo yasiyoandikwa popote, kama kwamba mlinzi wa geti Jumapili anafunga mapema na lazima umpigie. Mrithi abadilishe namba ya siri siku hiyohiyo. Alafu vikao viwili vitatu vya mwanzo usiwe wa kwanza kuongea, akikosea kitu kidogo mwache, akikuuliza mjibu, na ukitaka kazi nyingine, chai huwa inahitaji mtu.